Watoto wa skuli Uingereza, bibi Pemba: kupanga malezi ya jioni na ya likizo

Skuli za msingi za England huwatoa watoto kiasi cha saa tisa na robo alasiri. Mzazi anayetoka kazini saa kumi na moja na kupanda basi hufika nyumbani karibu na saa kumi na mbili. Kwetu pengo hilo halionekani: mtoto wa Wete akirudi skuli anakula kwa bibi, anakwenda chuoni (madrasa), na jirani akimkuta njiani atamuuliza anaelekea wapi. Kule, kila saa ya pengo hilo lazima iwe na mtu mzima anayejulikana kwa jina.

Likizo ndiyo nzito zaidi. Skuli hufungwa kiasi cha wiki 13 kwa mwaka, na likizo ya kisheria ya mfanyakazi wa siku tano ni wiki 5.6, mara nyingi pamoja na sikukuu za taifa. Baba na mama wakipokezana bila kupumzika pamoja hata siku moja, wanafikisha wiki 11 na ushei. Basi chukueni kalenda ya skuli mapema, andikeni nani atakuwa na mtoto wiki hadi wiki, na wiki zilizobaki tupu ndizo za kuzitafutia malezi. (Kanuni tunazozieleza ni za England; Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina zao.)

Si kila mama mdogo wetu ni ndugu kwa sheria yao

Hapa ndipo Wazanzibari wengi hukosea, tena kwa nia njema. Mtu anayelea mtoto wa chini ya miaka 8 nyumbani kwake kwa zaidi ya saa 2 kwa siku, kwa malipo, kwa kawaida anatakiwa asajiliwe na Ofsted (idara ya serikali inayokagua skuli na malezi ya watoto) au na wakala wa walezi. Ndugu wamesamehewa, lakini sheria inawataja: bibi na babu, shangazi, ami, mjomba, mama mdogo na mkubwa, kaka na dada, wakiwa wa damu, wa ndoa au wa kambo. Binamu wa mama, ambaye sisi tunamwita mama mdogo bila ya kufikiri, hamo. Rafiki wa toka Mkoani, Pemba, hamo. Na malipo hayaishii kwenye pesa. Hata malipo ya vitu yanaweza kuhesabiwa.

Mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu wa karibu, kaunsili (serikali ya mtaa) lazima iarifiwe. Binamu na dada wa bibi wanahesabiwa kuwa si ndugu wa karibu. Mzazi anayerudi Unguja kwa msiba na kumwacha mtoto London kwa binamu yake alijue hili kabla hajaondoka.

Kumwacha mtoto peke yake hakuna umri uliotajwa na sheria, lakini kumwacha katika hali ya hatari ni kosa, na ushauri wa NSPCC, shirika la Uingereza la kulinda watoto, ni kwamba wa chini ya miaka 12 ni nadra kuwa tayari kuachwa muda mrefu. Dada wa miaka 11 asipewe kazi ya kuwalea wadogo zake.

Kulipia

Ulizeni kwanza skuli yenyewe kama ina klabu ya asubuhi na ya jioni. Isipokuwapo, kaunsili ina orodha ya walezi waliosajiliwa. Walezi wanaolea watoto nyumbani kwao hufaa zaidi kwa wazazi wa zamu, lakini muulizeni waziwazi: anamchukua mtoto skulini mwenyewe? Anafanya kazi wakati wa likizo? Wengi hufunga Agosti, na mzazi hugundua Julai.

Katika akaunti ya Tax-Free Childcare, kila pauni 8 mnazoweka serikali huongeza 2, hadi pauni 500 kwa kila miezi mitatu kwa mtoto mmoja. Inafaa mpaka Septemba 1 baada ya mtoto kutimiza miaka 11, na hulipa watoa huduma waliosajiliwa tu. Linaloharibika mara kwa mara ni dogo: kila miezi mitatu lazima mthibitishe upya kuwa bado mnafanya kazi, na anayesahau hukatiwa nyongeza. Wafanyakazi wenye Universal Credit (ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo) hurudishiwa hadi asilimia 85 ya gharama. Miradi hii miwili haichukuliwi pamoja. Mwenye viza inayokataza fedha za umma asiombe kabla ya kupata ushauri.

Watoto wanaopata chakula cha bure skulini kwa sababu ya kipato wana nafasi za bure za shughuli na chakula wakati wa likizo, ziitwazo HAF. Wakati wa kiangazi kwa kawaida ni saa 4 kwa siku, siku 4 kwa wiki, wiki 4. Ni msaada mkubwa, lakini saa nne hazitoshi zamu ya kazi. Panga wa kumpeleka na wa kumrudisha.

Bibi akija

Bibi anayekuja kwa viza ya matembezi, kwa kawaida hadi miezi 6, anaruhusiwa kukaa na wajukuu wake anapokuwa mgeni. Haruhusiwi kuja kufanya kazi ya yaya. Fomu ya viza na majibu ya uwanja wa ndege viseme jambo moja, la kweli: anakuja kuwatembelea. Familia inayoandika kwamba bibi anakuja kulea ili wazazi wafanye kazi inaweza kunyimwa viza. Na kwa utu tu, bibi wa miaka 70 asiyejua Kiingereza asiachiwe watoto watatu na namba ya simu isiyopokelewa.

Mtoto akienda Unguja au Pemba

Likizo ya kiangazi ni kiasi cha wiki sita, toka mwishoni mwa Julai hadi mwanzo wa Septemba, na wazo la kuwapeleka watoto nyumbani ni zuri. Tatizo ni kwamba wakati huo skuli za Zanzibar kwa kawaida ziko wazi. Binamu anayetegemewa kucheza na mgeni yuko darasani. Skuli nyingi za serikali zina mikondo miwili, asubuhi na mchana, na muda uliobaki binamu huyo yuko chuoni. Mtoto wa Leicester atabaki barazani na bibi anayepika, anayelea mgonjwa na anayeuza maandazi. Tafuteni mtu mzima wa kulipwa kwa saa hizo, ikiwezekana mama mdogo asiye na kazi ya nje; msimpe jukumu msichana wa miaka 13 wa jirani, maana naye ni mtoto. Chuoni mtoto anaweza kujiunga na darasa la binamu yake, lakini mzazi azungumze na maalim mwenyewe kabla, lugha na bakora vikiwemo. Wekeni pia wazi analala wapi, na nani, na nani pekee anaruhusiwa kutoka naye. Namba 116 ni ya msaada wa watoto na hupigwa bure.

Pesa itumwe kila wiki kwa simu. Bibi hataomba, na ikitumwa yote siku ya kwanza itaisha kwa haja za nyumba nzima.

Kuhusu safari: mama wa Kizanzibari kwa kawaida halichukui jina la mume, na mtoto hubeba la baba na babu. Majina ya pasipoti hayafanani, na afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza. Beba cheti cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya kila mwenye mamlaka ya mzazi ambaye hasafiri. Mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza anahitaji viza ya dola 50 na, tangu Oktoba 1, 2024, bima ya Shirika la Bima la Zanzibar: dola 44 kwa mtu mzima, nusu kwa wa miaka 3 hadi 17. Mnaopitia Nairobi au Addis Ababa na kusubiri zaidi ya saa 12, cheti cha homa ya manjano kitaulizwa.

Dawa za kinga ya malaria hupimwa kwa uzito, basi mtoto apimwe wiki chache kabla ya safari, na zimalizwe hata baada ya kurudi. Aliyezaliwa Uingereza hana kinga ya mwili tunayoizungumzia sisi tuliokulia hapa. Akipata homa baada ya safari, hata baada ya miezi, daktari aambiwe siku hiyo hiyo kuwa alikuwa Zanzibar.

Kwa wanaokwenda Pemba, Julai na Agosti ni wakati wa kusi. Bahari huchafuka na watoto hutapika ndani ya boti. Ndege hadi Chake Chake ni kiasi cha nusu saa, na kwa mtoto mdogo ni pesa iliyotumika vizuri.

Tiketi ya kurudi iwe na siku tatu au nne kabla ya skuli kufunguliwa. Kukosa siku 5 bila ruhusa kunaweza kuleta faini ya pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na 160 isipolipwa ndani ya siku 21. Kwa baba, mama na watoto watatu ni pauni 480, na nafuu ya bei ya tiketi ya wiki inayofuata inaweza isifike hapo.