Nani anaruhusiwa kuona rekodi yako ya jinai, na ufanyeje mtu akiiomba

Kuna mtu alihukumiwa zamani kwa kosa dogo, akalipa faini yakaisha, lakini mpaka leo haombi kazi za maana kwa sababu anaamini yeyote mwenye kompyuta anaweza kufungua faili lake la polisi. Si kweli. Halafu kuna mwingine anaona mambo ya polisi ni siri ya polisi, kwa hiyo anasaini kila fomu anayowekewa mezani bila kusoma, na hapo ndo anajifungulia mlango mwenyewe. Sheria zinatofautiana nchi na nchi ila mpangilio wake unafanana kiasi kwamba ukishauelewa utajua lini useme sawa na lini uulize maswali kwanza.

Kabla ya yote jua ni rekodi ipi inayozungumzwa, maana watu wanachanganya. Faili la polisi ni kitu kimoja, humo kuna hukumu lakini pia mara nyingine kukamatwa tu, alama za vidole, kesi iliyofutwa. Kumbukumbu za mahakama ni kitu kingine, na sehemu nyingi kesi husikilizwa hadharani kwa hiyo hukumu yenyewe inaweza kusomwa na mtu yeyote. Alafu kuna kampuni binafsi za kuchunguza historia za watu, hizi hazina faili la polisi, zinaokota taarifa mahakamani na mtandaoni zinaziuza. Mtu akikwambia "tumecheki rekodi yako" muulize wamecheki wapi.

Polisi, waendesha mashtaka na mahakimu ndo wanaona faili lote, na hata wao ni kwa ajili ya kazi tu. Askari akifungua faili la jirani yake au la mchumba wa binti yake kwa udadisi anavunja sheria, na mifumo mingi inaandika nani ameingia na saa ngapi. Uingereza kuna maaskari walishtakiwa kwa hili hili chini ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 1990. Kwa hiyo ukihisi taarifa zako zimetoka kwa askari anayekufahamu, lalamika kwa chombo kinachosimamia polisi na uombe waangalie kumbukumbu za waliofungua faili, usiishie kununa.

Na we mwenyewe una haki ya kuona rekodi yako, na ushauri wangu mkubwa ni huu: iombe yako kabla mtu mwingine hajaiomba. Kwa kawaida unajaza fomu, unatoa kitambulisho, saa nyingine alama za vidole, unalipa ada, unasubiri. Marekani unaweza kuomba muhtasari wa rekodi yako FBI, yaani wapelelezi wa serikali kuu. Hata Interpol, shirika la polisi la kimataifa, kuna tume inayosimamia mafaili yao, na mtu yeyote anaweza kuiandikia kuuliza kama kuna taarifa zake humo, bila malipo. Ukishaipata isome mstari kwa mstari, angalia jina, tarehe ya kuzaliwa, kosa, na hasa matokeo ya kesi, maana kuna watu wameachiwa huru lakini kwenye faili bado inasomeka wameshtakiwa, basi, hakuna aliyeandika mwisho wake.

Sasa mwajiri, hapa ndo penye vurugu. Mwajiri hana haki ya kuona kila kitu kwa sababu tu anakupa kazi, anachoruhusiwa kuona kinategemea kazi yenyewe. Ufaransa wamelipanga vizuri mno: kuna nakala za aina 3, namba 1 ina kila kitu na inakwenda kwa mahakama tu, namba 2 imepunguzwa na inakwenda kwa baadhi ya ofisi za serikali na wanaoajiri watu wa kukaa na watoto, namba 3 ina yale mazito tu na hiyo anayeweza kuiomba ni mwenyewe peke yake, mwajiri anasubiri umletee. Ukikumbuka hizo ngazi 3 utaelewa nchi nyingi nyingine. England na Wales, cheti cha ngazi ya chini kabisa kinaonyesha hukumu ambazo muda wake wa kutakiwa kutajwa haujaisha kisheria, ila kwa kazi za watoto au wagonjwa kuna ukaguzi wa ndani zaidi ambao unaweza hata kubeba taarifa za polisi ambazo hazikufika mahakamani, na ukaguzi huo hauruhusiwi kwa kazi yoyote tu, mtu anayetafuta mhasibu wa duka hawezi kuutumia kwa sababu ana wasiwasi.

Marekani ni tofauti kidogo, kumbukumbu nyingi za mahakama ziko wazi, lakini mwajiri akitumia kampuni ya kuchunguza, sheria ya mwaka 1970 inamtaka akutaarifu kwenye karatasi ya peke yake na upate kusaini kwanza, na kabla hajakunyima kazi kwa sababu ya ripoti lazima akupe nakala yake. Kukamatwa bila kuhukumiwa kwa kawaida hakutakiwi kuonekana kwenye ripoti hiyo baada ya miaka 7, isipokuwa kwa kazi za mshahara mkubwa.

Kwa hiyo ukiletewa fomu, usisaini hapo hapo. Andika hata meseji fupi ya heshima: "Naomba mnieleze mnataka ukaguzi wa aina gani, kwa sheria ipi, nani atauona na mtautunza muda gani." Mwajiri mwenye haki anajibu kwa urahisi kabisa. Asiye na haki anaanza kusema ni utaratibu wa kampuni, na utaratibu wa kampuni haujawahi kuwa sheria. Kuna ujanja mwingine unaoniuma sana, mwajiri anajua haruhusiwi kuona faili lote basi anakulazimisha wewe ukaliombe polisi kwa haki yako kisha umkabidhi. Uingereza hilo ni kosa la jinai, limeandikwa kwenye kifungu cha 184 cha sheria ya taarifa binafsi ya 2018. Nenda na cheti kinachohusika na kazi hiyo, faili lako lote libaki kwako.

Mwenye nyumba, jirani, shemeji, hao hawana njia ya kwenda polisi kuuliza habari zako. Ila kuna pengo moja la maana na naliunga mkono kwa moyo wote: England na Wales mzazi anaweza kuuliza polisi kama mtu anayekaa karibu na mtoto wake ana historia ya kudhuru watoto, na toka 2014 mtu anaweza kuuliza kama mpenzi wake ana historia ya ukatili. Polisi ndo wanaamua waseme au la, na akiambiwa haruhusiwi kuisambaza kwenye magrupu.

Balozi nazo kwa kawaida zinakutaka ulete cheti cha polisi mwenyewe. Hapo soma swali vizuri, wengine wanauliza kama umewahi kuhukumiwa, wengine kama umewahi kukamatwa, na ukijibu hapana kumbe ulikamatwa, uongo unaweza kukufungia safari hata kama kosa lenyewe lisingekufungia.

Taarifa za mtandaoni ndo ngumu kuzitoa. Mwaka 2018 mahakama kuu ya London iliamua kesi 2 za watu waliotaka Google iondoe matokeo kuhusu hukumu zao za zamani, mmoja akashinda, mwingine akakataliwa, na tofauti kubwa ilikuwa yule aliyeshinda alionyesha majuto na hakuwa hatari tena kwa watu.

Ukikuta makosa, mfano umechanganywa na mtu wa jina kama lako, nenda mahakamani uchukue nakala ya hukumu au ya kufutwa kesi yenye muhuri, au barua ya kuthibitisha kwamba alama zako za vidole si zake, tuma kwa polisi na kwa ile kampuni iliyotoa ripoti, kwa maandishi, ubaki na nakala. Ulaya kampuni ikiulizwa ina taarifa gani zako inatakiwa kujibu ndani ya mwezi 1, Marekani kampuni za ripoti zina siku 30 kwa kawaida kuchunguza malalamiko. Siku hiyo hiyo mwandikie mwajiri kwamba unapinga ripoti, ambatanisha ushahidi, na umuombe asiijaze nafasi mpaka majibu yatoke.