Jinsi ya kuchora ramani ya kura za wajumbe wa Marekani kwa miraba

Ramani inayoonyeshwa kwenye televisheni usiku wa matokeo ya urais wa Marekani hupakwa rangi kwa kufuata ukubwa wa ardhi, ilhali kura za wajumbe, yaani wawakilishi wa kila jimbo ambao ndio humchagua rais rasmi, hazifuati ardhi. Montana, Wyoming, Idaho, North Dakota na South Dakota kwa pamoja zina eneo kubwa kuliko Tanzania nzima, na mwaka 2024 zote zilipakwa nyekundu. Lakini jumla ya kura zake ni 17, pungufu ya 19 za Illinois peke yake, iliyopakwa buluu. Ili uzione kura zenyewe, andaa karatasi ya grafu na penseli mbili za rangi, nyekundu kwa Republican na buluu kwa Democratic. Programu za kazi hii zipo, ila anayepaka kwa mkono hulazimika kuhesabu.

Hatua ya 1: Pata hesabu sahihi. Kila jimbo hupata wajumbe kwa idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, ukiongeza maseneta wake 2. Viti 435 vya baraza hilo, 100 vya Seneti na kura 3 za mji mkuu wa Washington D.C. hufanya 538, na mshindi huhitaji angalau 270. Tumia mgawo uliotokana na sensa ya 2020: California 54, Texas 40, Florida 30, New York 28. Orodha za zamani huipa California 55 na Texas 38, kwa hiyo ukiziona tarakimu hizo, achana na orodha hiyo.

Hatua ya 2: Chora miraba. Mraba mmoja uwe kura moja. Anza na California, Texas na Florida, kisha jaza katikati. Umbo halisi la majimbo litapotea, na yatosha majirani wabaki majirani. Pembeni andika jambo ambalo miraba haiwezi kulionyesha: kila mraba wa Wyoming unabeba wakazi takriban 192,000, na kila mraba wa California wakazi takriban 732,000.

Hatua ya 3: Paka matokeo ya 2024. Katika majimbo 48 na mji mkuu, anayeongoza, hata kwa kura chache, huchukua miraba yote. Maine na Nebraska ndizo zinazohitaji uangalifu, kwa kuwa hutoa kura 2 kwa mshindi wa jimbo zima na kura moja kwa mshindi wa kila wilaya ya uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi. Mara ya kwanza nilipaka Maine yote buluu na Nebraska yote nyekundu, nikajumlisha, nikapata 312 za Trump wa Republican na 226 za Harris wa Democratic, sawasawa na matokeo rasmi, nikaridhika. Kumbe makosa mawili yalikuwa yamefutana: Trump alipata kura moja ya Maine, na Harris akapata moja ya Nebraska, katika wilaya ya pili yenye mji wa Omaha. Tangu siku hiyo huhakiki jimbo kwa jimbo kabla ya kugusa jumla.

Hatua ya 4: Tafuta jimbo lililoamua. Panga majimbo aliyoshinda Trump kwa asilimia ya tofauti ya kura, ukianza na tofauti ndogo kabisa, kisha yaondoe moja moja. Wisconsin ikitoka na kura zake 10, anabaki na 302. Michigan ikitoka na 15, anabaki na 287. Pennsylvania ikitoka na 19, anashuka hadi 268. Basi jimbo lililoamua ni Pennsylvania, na sasa unaelewa kwa nini wagombea wote wawili walirudi huko mara kwa mara.

Sasa ipake miraba 44 ya majimbo hayo matatu kwa buluu. Harris angefika 270 kamili, pamoja na ule mraba mmoja wa Omaha. Bila mraba huo, huku Maine ikiachwa ilivyo, wangetoka sare 269 kwa 269, na rais angechaguliwa na Baraza la Wawakilishi, ambako katika upigaji kura wa namna hiyo kila jimbo lina kura moja tu, iwe Wyoming au California.