Namna ya Kuendesha Ligi ya Michezo ya Video Lubumbashi na Kuitunzia Historia Yake

Muulize mtoto wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, ni miaka gani klabu yetu ya kandanda TP Mazembe ilitwaa ubingwa wa Afrika, atakutajia 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015 bila kusita. Muulize nani alichukua kombe la mchezo wa video mtaani kwake mwaka juzi, utapewa majina matatu na ugomvi mmoja. Vijana wenye vipaji wamejaa mjini, na televisheni za kuchezea hazikosekani. Kinachokosekana ni ligi yenye ratiba inayoheshimiwa na matokeo yaliyoandikwa, na hiyo ndiyo nakusudia kueleza namna ya kuiunda.

Nunua daftari lenye jalada gumu kabla ya kununua kombe. Katika ligi ya kwanza niliyosaidia kuendesha, kule Katuba, tuliandika alama kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha michezo. Wiki ya tatu mwenye chumba akapaka rangi upya, na hadi leo timu mbili zinadai kwamba zilikuwa zikiongoza. Kila mechi ipewe mstari wake: tarehe, timu mbili, mabao, jina kamili la aliyeshika manete (kifaa cha mkononi cha kuchezea) pamoja na jina lake la mchezo, jina la mwamuzi, na toleo la mchezo lenyewe. Hilo la mwisho hupuuzwa, ilhali matoleo hubadilika na mbinu hubadilika nayo. Mchezo wa video wa kandanda wa kampuni ya EA uliacha jina la FIFA mwaka 2023 na kuitwa EA Sports FC, kwa hiyo daftari lisilotaja toleo litamchanganya msomaji wa baadaye asijue bingwa alishinda katika mchezo upi.

Ratiba nayo ipangwe kwa kanuni, kwa sababu ratiba inayopangwa kwa kuelewana huvunjika mara tu watu wanapoacha kuelewana. Tuseme una timu sita, kila moja ikibeba jina la komini yake, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake: 1 Kamalondo, 2 Kenya, 3 Katuba, 4 Kampemba, 5 Ruashi na 6 Lubumbashi. Andika 1, 2, 3 kwenye mstari wa juu, kisha chini yake 6, 5, 4. Anayetazamana na mwenzake ndiye atakayecheza naye, yaani Kamalondo na Lubumbashi, Kenya na Ruashi, Katuba na Kampemba. Kwa raundi ya pili mwache namba 1 palepale na uwasogeze wengine wote hatua moja kwa kuzunguka, ili juu pasomeke 1, 6, 2 na chini 5, 4, 3. Ukifanya hivyo mpaka raundi ya tano, kila timu itakuwa imekutana na kila timu mara moja, na jumla ni mechi 15. Ukihesabu dakika 20 kwa kila mechi, pamoja na muda wa kubadilishana viti na kubishana kidogo, televisheni moja itazimaliza kwa saa tano, na Jumapili mbili zinatosha. Komini ya Annexe ikitaka kuingia, timu zitakuwa saba. Ongeza namba ya nane iitwayo mapumziko, na atakayepangwa nayo apumzike raundi hiyo.

Urefu wa msimu ni jambo la kutafakari, na hapa yafaa kuitazama ligi ya Ulaya ya League of Legends, mchezo wa kompyuta wa mapambano ya timu mbili, iliyoanza mwaka 2013 kwa jina la EU LCS na kuitwa LEC tangu 2019. Kwa miaka mingi ilikuwa na misimu miwili kwa mwaka. Mwaka 2023 ikagawa mwaka katika misimu mitatu mifupi, na timu zake 10 zikakutana mara moja tu kabla ya hatua za mwisho. Kwetu msimu mfupi unafaa zaidi, kwa kuwa mitihani na mvua haziingojei ligi ya mtu. Mwaka huo wa 2019 ligi hiyo iliacha pia kushusha na kupandisha daraja, ikazipa timu nafasi za kudumu ili wawekezaji wasiogope kupoteza fedha zao. Usiwaige katika hilo: hapa hakuna mwekezaji wa kumlinda, na timu ya mwisho isiyoogopa kushuka itaanza kuchelewa kufika.

Kutofika na kukatika kwa umeme ndivyo vitakavyokusumbua kuliko vyote, basi viandikie sheria kabla ya mechi ya kwanza. Timu isiyofika baada ya dakika 15 ihesabiwe imefungwa 3–0. Asiyekubali mkumbushe fainali ya Afrika ya 1967: TP Englebert, ndiyo Mazembe ya leo, ilitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, Kotoko haikutokea kwenye mechi ya tatu, na kombe likaja Lubumbashi. Umeme ukikatika, mwamuzi aandike papo hapo dakika na mabao, kisha zichezwe dakika zilizobaki tu, mabao yakibaki yalivyo.

Amua pia taji ni la nani. Timu ya Rogue walishinda LEC katika msimu wa kiangazi wa 2022, mwaka uliofuata wakaitwa KOI, na 2024 wakarudia jina la Rogue. Bila maelezo utadhani ni timu mbili. Mimi hupendelea taji libaki na timu, hata ikibadili jina kama Englebert, huku majina ya wachezaji yakiandikwa pembeni, kwa maana kijana wa Kenya anaweza kuhamia Ruashi mwezi ujao na kudai amehama na kombe.

Mwisho, tenganisha kiongozi wa jedwali na bingwa, na uwaandike wote wawili. Katika msimu wa kiangazi wa 2015 timu ya Fnatic walishinda mechi zote 18 za ligi hiyo ya Ulaya, lakini kwenye fainali timu ya Origen waliwabana hadi Fnatic wakashinda kwa shida 3–2. Timu nne za juu zicheze nusu fainali, na fainali iwe ya michezo mitano, atakayetangulia kushinda mitatu ndiye bingwa. Baada ya fainali manahodha wote wawili watie saini chini ya ukurasa, ukurasa upigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp siku hiyohiyo, na daftari alale nalo mtu asiyecheza.