Ukishuti filamu fupi ufukweni, sauti irekodi na simu ya pili

Wanafunzi mnaoshuti pale Capri Point au Mwaloni jijini Mwanza, mchana upepo wa ziwa unavuma kuja nchi kavu na simu ikiwa mbali maneno yanamezwa yote. Simu ya pili irekodi sauti tu, ikae mfuko wa shati wa anayeongea, igeuze kichwa chini maana maiki nyingi ziko pale pa kuchajia, ikiwa karibu na mdomo sauti inauzidi upepo. Kabla hajaanza apige kofi moja mbele ya kamera, ukiedit unalinganisha mlio na viganja vinapokutana, midomo inakaa sawa kabisa. Ila akikimbia au kuinama shati linakwaruza maiki, hapo haifai, shuti picha tu maneno mrekodi baadaye ndani ya gari vioo vimefungwa.