SOMO: Kumhifadhi mbwa mkubwa mpole mpaka apate kwake

Wadau, swali la "nimeachiwa mbwa, nifanyeje" linarudi kila wiki. Naliandika mara moja. Akiuliza mwingine, mleteni hapa.

1. Daktari wa mifugo, siku ya kwanza. Kama hakuna kadi, hesabu hajachanjwa kichaa cha mbwa.

2. Minyoo: vidonge vyenye praziquantel, kwa kawaida kimoja kwa kila kilo 10. Mpime uzito kwanza.

3. Kupe: masikioni, kati ya vidole, chini ya mkia. Dawa iwe ya mbwa. Ile ya kuogeshea ng'ombe ikikadiriwa kwa macho humlegeza mpaka akapepesuka. Akigoma kula na fizi zikapauka, usingoje kesho.

4. Chakula mara mbili. Mbwa wa kilo 20 anatosheka na nusu kilo hivi kwa siku: ugali au wali na nyama au dagaa, bila chumvi, bila kitunguu, bila mifupa iliyopikwa.

5. GETI. Hapa ndipo mbwa wanapopotea. Ule utulivu wa siku za mwanzo mara nyingi ni woga: ameduwaa. Mnadhani kazoea, geti linafunguliwa gari liingie, anachomoka. Hajui nyumba yenu wala jina mnalomwita, atarudi vipi? Kwa wiki mbili za mwanzo geti lisifunguliwe kabla mbwa hajawa bandani, chumbani au kwenye kamba. Mwambie kila mtu, dada wa kazi na bodaboda anayeleta mzigo wakiwemo. Matembezini tumia kamba mbili, moja kwenye mkanda wa shingo na nyingine kwenye mkanda wa kifua, kwa sababu mbwa aliyeshtuka hurudi kinyumenyume na kuvua ule wa shingo. Ubane hadi vidole viwili tu ndivyo vipite. Namba ya simu juu yake iwe yako. AKICHOMOKA USIMKIMBIZE. Chuchumaa, mgeuzie ubavu wako, rusha vipande vya nyama. Asipokuja, weka tandiko lake nje ya geti na umwachie njia.

6. Anayemtaka: nenda ukaone anapoishi. Amepanga? Mwenye nyumba karidhia? Mbwa wake wa zamani yuko wapi? Anayetaka mbwa mkali wa ulinzi mkatalie, maana huyu mpole atapigwa ili awe mkali. Ahasiwe au afungwe kizazi kabla ya kumkabidhi.

MASWALI

Mdau wa Tegeta: Mkuu, anakula nini?

Jibu: Namba 4.

Mdau wa Mbagala: Mambo mengi mno. Mimi namfunga mnyororo kutwa, basi.

Jibu: Mnyororo wa kutwa humfanya mbwa awe mkali, na mbwa mkali hapati wa kumchukua. Akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe, awekwe chini ya uangalizi siku 10.

Mdau wa Tanga: Shikamoo. Tumepanga uani na majirani Waislamu. Nataka kumchukua bila kuwaudhi. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba dada, umeuliza jambo la maana. Ongea nao kabla hajafika. Vyombo na ndoo yake viwe mbali, visioshwe kwenye bomba la wote. Unyevu wake ndio unaowapa kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo akilowa mvua asizurure uani. Asipite barazani kwao, na usimtoe wakati watu wanakwenda msikitini. Wakiona unajali, mara nyingi watakuvumilia.

Mdau wa Arusha: Naongezea: karibu na 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Ulizeni kwa afisa mifugo wa kata.

Jibu: Ahsante. Ila aliyeletwa Machi asingojee Septemba. Kinga yenyewe huchukua wiki tatu hadi nne kujengeka.

Mdau wa Tanga: Na kadi ya chanjo, namkabidhi anayemchukua?

Jibu: Ndiyo, ile halisi. Wewe baki na picha yake, na umpigie simu baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki tatu. Akishindwa, mbwa arudi kwako, asigawiwe mtu mwingine. Mwandikishane hivyo.