Kuchagua Klachi ya Subaru STI Iliyoongezwa Nguvu, Hatua kwa Hatua

Mteja akifika gereji na Impreza WRX STI iliyotoka kufungwa turbo kubwa, ombi lake huwa ni lile lile: "Fundi, niwekee klachi ngumu kuliko zote." Namwelewa, kwa sababu ametoka kuona mshale wa mizunguko ukiruka kutoka 4,000 hadi 5,500 akiwa gia ya nne, huku gari lenyewe halijaongeza mwendo. Lakini klachi ngumu kuliko zote ni adhabu kwa gari linaloshinda kwenye foleni ya Barabara ya Thika. Mimi hutafuta ile iliyo laini kabisa miongoni mwa zinazoweza kubeba torki halisi ya injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha shafti, na hapa naeleza jinsi ninavyoitafuta. Mfano wangu ni STI za umbo la GDB, za 2000 hadi 2007, zenye gia sita, ambazo ndizo nyingi zinazoingia kwangu.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba tatizo ni klachi

Kabla ya kununua chochote, bonyeza kanyagio la klachi kwa vidole vya mkono, si kwa mguu. Pawepo uhuru wa milimita chache kabla ya kuhisi uzito. Kama uhuru huo haupo, yumkini kuna mtu aliyekaza fimbo ya masta silinda (pampu ndogo inayosukumwa na kanyagio) kupita kiasi, na klachi inabaki imekanyagwa kidogo muda wote hata mguu ukiwa mbali. Nimewahi kurekebisha gari "lililokufa klachi" kwa spana mbili na dakika kumi.

Ukimaliza hapo, tafuta barabara iliyo tupu, weka gia ya nne kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mizunguko ikipanda upesi kuliko spidi, klachi inateleza. Ikiteleza, chungulia pia sehemu ya chini ambapo injini inaungana na giaboksi. Kukiwa na unyevu wa oili, sili ya nyuma ya kurankishafti (shafti kuu ya injini) inavuja, au kile kifuniko cha plastiki kilicho karibu nayo kimepasuka, jambo la kawaida kwa injini za EJ, zilizomo kwenye STI hizi. Klachi yoyote iliyolowa oili itateleza, hata ile ya bei kubwa kabisa.

Hatua ya 2: Tafuta torki yako halisi

Hapa ndipo wengi hupotea. Klachi huuzwa kwa kutajiwa nguvu farasi, ilhali klachi haijui nguvu farasi ni nini. Inachobeba ni torki. Chukua magari mawili yenye nguvu farasi 400. La kwanza lina turbo kubwa na linafikia nguvu hiyo kwenye mizunguko 7,000, na wakati huo torki yake ni takriban nyutoni-mita 407. La pili lina turbo ndogo inayowahi, linafikia 400 kwenye mizunguko 5,500, na torki yake hapo ni takriban nyutoni-mita 518. Klachi inayolitosha la kwanza itaungua kwenye la pili. Hesabu yenyewe ni rahisi: zidisha nguvu farasi kwa 7,121, kisha gawanya kwa mizunguko ya dakika. Hata hivyo, kilele cha torki huja mapema kuliko kilele cha nguvu farasi, kwa hiyo usitosheke na hesabu. Uliza karatasi ya daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, na usome mstari wa torki penye kilele chake.

Karatasi hiyo nayo isomwe kwa makini, hasa ikiwa imetoka Nairobi. Kwanza, daino ya magurudumu hupima kinachofika kwenye tairi, wakati klachi inabeba kinachotoka kwenye injini kabla giaboksi na difu hazijala chochote. Kwa Subaru inayovuta magurudumu yote manne, mimi huchukulia kwamba asilimia 18 hivi inapotelea njiani. Pili, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mashine nyingi hurekebisha matokeo yalingane na hewa ya pwani. Marekebisho hayo yalibuniwa kwa injini zisizo na turbo, kwa hiyo injini yenye turbo hupewa sifa isiyokuwa yake. Mwombe mwendesha daino akutolee namba ambazo hazijarekebishwa.

Tatu, na hili husahaulika, gari linaloteremka hadi Mombasa huongezeka nguvu kweli. Kama presha ya turbo inadhibitiwa na kifaa cha mkono kilichowekwa kwenye bar 1.3, hapa Nairobi injini hupata hiyo 1.3 juu ya hewa ya bar 0.83 hivi, jumla 2.13, Mombasa hupata 1.3 juu ya 1.01, jumla 2.31. Hilo ni ongezeko la asilimia 8 hivi. Mteja wangu mmoja alizunguka Nairobi miezi minne bila tatizo, klachi ikaanza kumteleza akiwa Nyali.

Tuseme basi karatasi yako inaonyesha nyutoni-mita 400 kwenye tairi bila marekebisho. Gawanya kwa 0.82, unapata 488. Zidisha kwa 1.08 kwa ajili ya pwani, unapata 527. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya joto na uchakavu, unafika kama 600. Hiyo 600 ndiyo unayokwenda nayo dukani, wala usiipandishe tena "kwa usalama", kwa sababu usalama umeshahesabiwa ndani yake.

Hatua ya 3: Elewa uwezo wa klachi unatoka wapi

Uwezo wa klachi hutokana na mambo manne yanayozidishwa pamoja: msuguano wa kitambaa chake (tabaka linalosugua), nguvu ambayo presha pleti (bamba la springi linalobana pleti ya klachi) inabana, nusu kipenyo cha wastani cha eneo linalogusana, na idadi ya nyuso zinazosuguana. Klachi ya STI ya gia sita ina kipenyo cha milimita 240. Tukichukua kipenyo cha ndani kuwa milimita 160, nusu kipenyo cha wastani ni mita 0.1. Pleti moja ina nyuso mbili. Kitambaa cha oganiki, kile cha kawaida, kina msuguano wa takriban 0.3. Presha pleti ikibana kwa nyutoni 7,500, unapata 0.3 mara 7,500 mara 0.1 mara 2, yaani nyutoni-mita 450.

Kutoka 450 hadi 600 kuna njia tatu tu, maana kipenyo hakibadiliki bila kubadilisha flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hubanwa juu yake). Unaweza kubana zaidi, hadi nyutoni 10,000, na mguu wako wa kushoto utalipa theluthi nzima ya uzito wa ziada. Unaweza kubadilisha kitambaa kikawa na msuguano wa 0.4 na kubana kubaki kule kule, ila klachi itashika kwa ghafla. Au unaweza kuongeza pleti ya pili upate nyuso nne, kanyagio libaki laini, na mfuko ndio uumie. Kila klachi utakayoona sokoni ni mchanganyiko wa njia hizo, hata ikipewa jina la kutisha kiasi gani.

Hatua ya 4: Chagua kitambaa na kitovu

Oganiki iliyoimarishwa, pamoja na presha pleti nzito kiasi, ndiyo ninayoanza nayo daima. Inashika kwa upole, inavumilia foleni, na hadi nyutoni-mita 550 au zaidi kidogo mara nyingi inatosha. Udhaifu wake ni joto: ukiitelezesha mfululizo, kwa mfano kuondoka kwa fujo mara tano bila kupumzika, inanuka kama pembe inayoungua, na ikishapata mng'ao wa kioo haishiki tena kama zamani.

Kevlar, kitambaa cha nyuzi imara za sintetiki, hudumu muda mrefu na hushika kwa ulaini, lakini ikichomwa mara moja hairudi, kwa hiyo sipendi kumpa dereva asiyejizuia.

Seramiki, ile yenye vipande vitatu, vinne au sita badala ya duara zima, inastahimili joto kali na inabeba torki kubwa. Ni klachi ya mashindano. Katika mbio za rali ambako gari huondoka kwa nguvu na kisha halisimami, inafanya kazi nzuri sana. Kwenye mzunguko wa Westlands saa kumi na moja jioni, gari zima linarukaruka kama punda anayekataa mzigo, na flaiwili inalika upesi. Anayeihitaji kwa barabara achukue ya vipande sita, kamwe si ya vitatu.

Klachi ya pleti mbili ndiyo jibu bora ukivuka nyutoni-mita 650 na bado unataka kwenda na gari kazini. Hutoa mlio wa kugongana pleti kanyagio likiwa limekanyagwa. Wengine hudhani kitu kimevunjika.

Kuhusu kitovu, yaani sehemu ya katikati ya pleti inayoshika shafti ya giaboksi, chagua chenye springi. Springi zile hupunguza mshtuko kabla haujafika kwenye meno ya gia. Kitovu kigumu kiwaachie wenye magari ya mashindano.

Hatua ya 5: Fikiria giaboksi kabla ya kulipa

Klachi ni fyuzi pia. Ikiteleza kidogo wakati wa mshtuko, inaokoa kilicho nyuma yake. Giaboksi ya gia sita ya STI ni imara, lakini ile ya gia tano iliyomo kwenye WRX ya kawaida haina sifa hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilikubali kumfungia kijana mmoja klachi ya vipande sita yenye kitovu kigumu kwenye giaboksi ya gia tano, kwa kuwa ndiyo aliyokuja nayo mkononi na mimi sikutaka kubishana. Baada ya wiki saba alirudi akivutwa na gari jingine. Nilipomwaga oili ya giaboksi kwenye beseni, vipande vitatu vya meno ya gia ya tatu vilianguka navyo vikilia kama sarafu. Klachi haikuwa na alama hata moja.

Hatua ya 6: Linganisha vipande vyote

STI hizi hutumia klachi ya kuvuta: beringi ya rilisi imejifunga ndani ya vidole vya presha pleti na huvivuta kuelekea giaboksi. Seti ya klachi ya kusukuma haitafanya kazi, hata kama kipenyo ni kile kile. Fundi asiyejua hili hujaribu kuitoa giaboksi kwa mtaimbo. Njia sahihi ni kufungua kizibo cha pembeni kwa ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, kisha kuingiza bolti ya milimita 6 kwenye shafti ya uma (unaovuta beringi) na kuichomoa. Hapo ndipo giaboksi inaachia.

Flaiwili nyepesi hufanya injini ipande haraka, lakini ikipungua uzito kupita kiasi gari huzimika ovyo wakati wa kuondoka, na kompyuta inaweza kuripoti silinda isiyowaka ilhali zote zinawaka. Iliyopungua kwa theluthi moja inatosha.

Mwisho, mtu akanyage klachi huku wewe ukitazama puli ya mbele ya kurankishafti. Ikionekana kusogea, beringi inayozuia mwendo wa mbele na nyuma imeliwa, na presha pleti nzito itaimaliza. Tengeneza injini kwanza.

Hatua ya 7: Funga na uizoeshe

Flaiwili ya zamani ichongwe upya, beringi yake ndogo ya katikati ibadilishwe, na nyuso zote zifutwe kwa kisafishio cha breki, kwa sababu alama moja ya kidole chenye grisi inatosha kuleta mtetemo. Bolti za flaiwili hukazwa kwa nyutoni-mita 72 na za presha pleti kwa 16, kwa mzunguko wa msalaba, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji ikisema vingine.

Baada ya hapo, klachi ya oganiki inahitaji kilomita 800 hivi za kusimama na kuondoka mjini, bila kufungulia turbo. Safari ya Mombasa na kurudi haihesabiki, kwa kuwa kwenye barabara kuu klachi inakaa imefungwa na vitambaa havisuguani. Kwenye foleni weka gia huru na uondoe mguu, na kilomita hizo zikitimia rudia jaribio la gia ya nne la hatua ya kwanza, ukianza kwa nusu ya mafuta.