Urithi wa klasi katika Python: lini urithishe, lini uache

Kabla hujaandika `class Mraba(Mstatili)`, yaani klasi (kiolezo cha kuundia objekti) ya Mraba inayorithi data na methodi za Mstatili, jiulize: kila mahali programu inapotarajia mstatili, nikiipa mraba, hesabu zitabaki sawa? Shuleni mraba ni mstatili. Kwenye programu mambo hugeuka, maana mstatili hukubali kubadilishwa upana peke yake; mraba haukubali. Ukiupa upana 5, kisha urefu 4, unategemea eneo la 20 na unapata 16, wala Python hailalamiki. Hapo usirithishe.

Akaunti ya akiba ni akaunti kweli, inaongeza riba tu:

```
class Akaunti:
    def __init__(self, salio):
        self.salio = salio

class Akiba(Akaunti):
    def __init__(self, salio, riba):
        super().__init__(salio)
        self.riba = riba
```

Mstari wa `super()`, unaoita `__init__` (methodi ya kuandaa objekti mpya) ya klasi mzazi, ndio wanaoanza huusahau. Ukikosekana, objekti ya `Akiba`, tuseme `a`, huundwa vizuri tu, halafu mbele kabisa ukisoma `a.salio` unapata `AttributeError`: `__init__` ya mtoto imeifunika ya mzazi, kwa hiyo salio halikuwahi kuwekwa.

Na gari? Lina injini, lenyewe si injini. Andika `self.injini = Injini()`, basi.

Ukoo ukirefuka hadi hujui methodi imetoka kwa nani, chapisha `Akiba.__mro__`, orodha ya klasi zote za ukoo; Python hutafuta kwa mpangilio huohuo.